Baada ya 25 si lazima iwe 30

Chukua 2, 4, 6, 8 alafu uliza mtu yoyote inayofuata ni ngapi, atakwambia 10 kabla hujamaliza kuuliza. Sasa mimi nikikwambia ni 34? Utanishangaa, lakini kanuni ninayo na inafanya kazi: chukua nafasi ya namba kwenye mstari, iite n, izidishe kwa 2, alafu ongeza (n−1)×(n−2)×(n−3)×(n−4). Ukiweka 1, 2, 3 na 4 kile kipande cha nyuma chote kinatoka sifuri, kwa hivyo unapata 2, 4, 6, 8 safi kabisa, lakini ukifika nafasi ya tano kipande kinaamka, 4×3×2×1 ni 24, jumlisha na 10, hiyo hapo 34. Ukitaka 7 au ukitaka mwaka uliozaliwa nakutengenezea kanuni yake pia. Kwa hesabu tupu hakuna namba ambayo haiwezi kufuata 8.

Hili jambo limenikaa kichwani miaka. Kama kila jibu linaweza kutetewa basi anayetega ana mzigo mzito kuliko anayetegua, na sisi kawaida tunampigia makofi anayetegua peke yake. Nimetegua mengi na nimetega mengi, na naamini kwa moyo wangu wote kwamba fumbo zuri la namba ni lile ambalo ukishaambiwa jibu huoni tena jibu lingine, na kama halikufika hapo basi ni la kurudishwa kwa mwenyewe akalitengeneze.

Mimi niko Lamu, nauza madaftari na kalamu na vitu vya shule huku Langoni, na jioni baada ya isha tunakaa barazani na kahawa, wengine wako kwenye bao, wengine domino, sisi wachache tuna daftari la mafumbo ambalo linapita mkono kwa mkono. Wenye bao wakichoka wanakuja kwetu, na hao ndio wabaya kweli kweli, manake mtu aliyezoea kubeba kete 64 kichwani na kujua mtaji utaishia wapi kabla hajagusa shimo, namba sita zilizoandikwa kwenye karatasi hazimtishi.

Kutegua nilianza kama kila mtu, kwa mapengo. 2, 6, 12, 20, 30: mapengo ni 4, 6, 8, 10, basi linalofuata ni 12 na jibu ni 42. Watu wengi wanasimama hapo na wanafurahi, lakini mimi nimejifunza kutosimama hapo, manake pengo linakwambia namba inayofuata tu, halikwambii hizi namba ni kina nani. Ziangalie tena: 1×2, 2×3, 3×4, 4×5, 5×6. Sasa ukiniuliza ya mia ni ngapi sina haja ya kupanda ngazi moja moja, ni 100×101, elfu kumi na mia moja. Mapengo yakikataa nenda mapengo ya mapengo, yakikataa gawanya namba na iliyo kabla yake, na ukiona namba zinapanda zikishuka zikipanda kama 3, 20, 6, 18, 12, 16, 24 basi karibu kila mara ni mistari miwili imesukwa pamoja kama ukili, chana uone: 3, 6, 12, 24 upande mmoja na 20, 18, 16 upande wa pili, kwa hivyo zamu ni ya 14.

Alafu kuna ile ambayo kila mtu anaijua, 1, 2, 3, 5, 8, 13, kila namba ni jumla ya mbili zilizo nyuma yake. Inaitwa kwa jina la Fibonacci, yule mtu wa Pisa aliyeiandika 1202 kwa hesabu ya sungura wanaozaana, lakini karibu 1150 huko India Hemachandra alikuwa ameshaieleza, na yeye hakuwa na sungura, alikuwa anahesabu mashairi. Silabi fupi inachukua kipimo kimoja, ndefu viwili, sasa mstari wa vipimo vinne unaweza kuupanga kwa njia ngapi? Tano. Wa vitano? Nane. Na sababu unaiona mwenyewe ukitulia: mstari wowote lazima uishie kwa fupi au kwa ndefu, ukiishia kwa fupi umebakisha mstari mfupi kwa kipimo kimoja, ukiishia kwa ndefu umebakisha mfupi kwa viwili, jumlisha njia za hizo mbili umemaliza. Nilipomweleza mzee mmoja hapa mtaani ambaye ni mtu wa tenzi alinyamaza kidogo, alafu akauliza, "Na mstari wa vipimo vinane?" Yeye amezoea mizani nane za utenzi, yaani silabi nane kila mstari, kwetu mizani zote ni sawa hakuna fupi wala ndefu kwa hivyo nane ni nane tu. Tukahesabu pamoja pole pole, ikatoka 34. Tangu siku hiyo anakuja na daftari lake.

Sababu. Hiyo ndio ninayoitafuta siku hizi hata kabla ya jibu.

Sasa niwaambie fumbo lililonifundisha kutega kuliko yote. Usiku mmoja alipita ustadh, mtu mzima tunayemheshimu, akasimama mbele ya baraza akasema, "Kitendawili." Sisi wote, "Tega!" Akasema, "5, 10, 15, 20, 25." Hata wale wa domino walijibu, 30! Akatikisa kichwa. Mmoja akasema 35, akatikisa kichwa, mwingine akaja na 40 na maelezo marefu, akatikisa kichwa, mwisho akasema, "Nipeni mji." Tukampa Siyu. Akaenda Siyu, akala, akanywa, akapumzika, akarudi, akasema 36. Alafu akaendelea mwenyewe: 46, 61, 76, 91, 121.

Mapengo yake ni 11, 10, 15, 15, 15, 30, hakuna fomula nyepesi ya kuyakusanya hayo. Ni zaka ya ngamia. Mwenye ngamia 5 anatoa mbuzi mmoja au kondoo, 10 wawili, 15 watatu, 20 wanne, akifika 25 anaacha mbuzi, anatoa ngamia jike aliyemaliza mwaka mmoja, kwenye 36 aliyemaliza miwili, 46 mitatu, 61 minne, 76 wanakuwa majike wawili wa miaka miwili, 91 wawili wa miaka mitatu, na 121 kwa sisi Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii, ni watatu wa miaka miwili. Waliosoma fiqhi, yaani sheria za dini, pale walishika vichwa manake wote walikuwa wanaijua.

Kijana mmoja akasema, "Lakini ustadh, hii si hesabu, hii ni fiqhi." Ustadh akamjibu, "Kwani mimi nilisema hesabu? Nilisema kitendawili." Mjadala ukawaka, kahawa ikapoa, kuna fundi mmoja wa boti kutoka bara alikuwa amekaa nasi na yeye akasema kwa upole kwamba hata angekaa mpaka asubuhi asingeipata, na ni kweli.

Mimi nililala nalo lile fumbo na baadaye nikamwambia ustadh maoni yangu kwa adabu. Zile namba ni nzuri mno na hilo sikubishana naye, lakini pale alipoanzia na pale aliposimama ndipo palipotupoteza. Ukitoa 5, 10, 15, 20, 25 na kunyamaza, umempeleka mtu kwenye njia ya kuongeza tano tano kwa makusudi, alafu ukamfungia mlango. Lakini ukitega 20, 25, 36, 46, 61, 76, hapo hakuna atakayesema tano tano, kila mtu anajua toka mwanzo kwamba hapa kuna kitu kingine, na aliyesoma ataanza kupekua alichosoma. Na kwa yule wa bara ongeza neno moja tu, ngamia, akaulize. Ustadh aliniangalia, akasema, "Basi kesho litege wewe hivyo." Nikalitega mtaa wa pili, na binti mmoja wa chuoni akalitegua kabla sijamaliza kuandika.

Toka hapo hiyo imekuwa kanuni yangu ya kutega: mtegaji lazima aonyeshe namba moja angalau iliyopo baada ya pale njia zinapoachana. Kama njia mbili zinakwenda pamoja mpaka namba ya tano na zinaachana ya sita, basi ya sita iandikwe na swali liwe ya saba.

Mfano wake mkubwa ni 1, 2, 4, 8, 16. Huu nimeuchora mchangani Shela mara nyingi wakati maji yametoka, manake mchanga mbichi unashika mstari. Chora duara, weka nukta kwenye ukingo wake, unganisha kila nukta na kila nukta, alafu hesabu vipande. Nukta moja kipande 1, mbili 2, tatu 4, nne 8, tano 16. Watoto wanaruka, 32! Wanaweka nukta ya sita wanahesabu, wanarudia, wanagombana, vinatoka 31. Na kuna mmoja kila mara anapata 30, huyo usimwambie hajui kuhesabu, ni yule aliyepanga nukta zake vizuri kwa kulingana, mistari yake mitatu mirefu ikapita kwenye kitovu kimoja na kipande cha katikati kikapotea. Ukizisogeza nukta kidogo zisilingane kinarudi. Ya saba ni 57. Sababu yake ni nzuri sana: unaanza na kipande kimoja, kila mstari unaongeza kimoja, na kila mahali mistari miwili inapokatana inaongezeka kimoja tena, basi. Nukta sita zina mistari 15 na makutano 15, na kimoja cha mwanzo, 31. Kwa hivyo mtu akikutegea 1, 2, 4, 8, 16 na akasimama hapo, huna haja ya kujibu, mwambie aongeze moja.

Kutunga ya kwetu wenyewe ndio raha yenyewe. Hii hapa niliitunga na mpwa wangu: 4, 8, 10, 8, 7, 6, 6, 9, 6, 3. Mwalimu mmoja rafiki yangu nilimtumia kwa meseji, akaishambulia kwa mapengo, akaishambulia kwa kugawanya, usiku kucha, alafu asubuhi akapiga simu anacheka. Ni idadi ya herufi: kumi, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini, mia. Nilimpa zote kumi mpaka mia ili asiwe na pa kupotelea, na swali langu lilikuwa zimetoka wapi, si inayofuata ni ipi. Hiyo pia nimejifunza, kwamba si lazima kila mara uulize inayofuata.

Kutoka hapo mpwa wangu akagundua kitu kizuri zaidi. Wanaocheza kwa Kiingereza wanajua mchezo wa kuchukua namba yoyote, unahesabu herufi za jina lake, unapata namba mpya, unahesabu tena, na wao siku zote wanatua kwenye nne manake jina lake kwa Kiingereza lina herufi nne. Yeye akajaribu kwa Kiswahili. Kumi na tano ina herufi 10, kumi ina 4, nne ina 3, tatu ina 4, nne ina 3, tatu ina 4... "Mjomba, haisimami!" Kweli haisimami, kwetu tatu na nne zinarushiana mpaka kesho. Akajaribu ishirini, ikapita 8, ikapita 4, ikaingia mlemle. Bibi yake akamwambia jaribu kenda, manake wazee bado wanaita tisa hivyo, herufi 5, tano ina 4, mlemle tena. Akataka kujua kama kuna namba yoyote ya kuponyoka. Hakuna, na sababu yake aliiona mwenyewe: majina ya namba kubwa ni mafupi kuliko namba zenyewe, kwa hivyo lazima ushuke, na ukishashuka chini ya kumi zote nimezipitia naye, kila moja inaishia kwa nne na tatu.

Na kuna ule wa kusoma kwa sauti: 1, 11, 21, 1211, 111221. Kila mstari unausoma ule wa juu yake, idadi kwanza: moja ya moja, ndio 11, kisha mbili za moja, ndio 21, na kadhalika, na mwanahesabu Mwingereza John Conway aliuchunguza sana miaka ya 1980. Nilimpa mtoto mmoja dukani mistari miwili tu ya mwanzo nikamweleza sheria kwa mdomo, yeye akaandika 1, 11, 12, 1121, 122111. Ukiangalia haraka utasema amegeuza. Lakini sikiliza alivyosoma: "moja, mbili", yaani moja ziko mbili, kama tunavyosema vikombe viwili, kitu kwanza idadi baadaye. Wenzetu wanaanza na idadi. Mfuatano wake ni halali kabisa na ni wa pili kando ya ule maarufu, na kwenye yote miwili ukiendelea hata milele hutaona tarakimu ya 4. Nilimpa daftari bure.

Kabla sijatega hadharani siku hizi nalipitisha fumbo mahali. Kuna mwanahesabu Neil Sloane, alianza kukusanya mifuatano 1964 akiwa bado mwanafunzi, akaitoa kitabuni 1973, na toka 1996 hazina yote iko kwenye intaneti, sasa ina mifuatano zaidi ya 350,000. Unaandika namba zako unaona ni kina nani wengine wanaanza hivyo. Ukiandika 1, 2, 4, 8, 16 inakuja chungu nzima, na hapo ndipo unaona kwa macho kwamba namba tano hazitoshi. Ukiandika zako na wakabaki wachache, umekaribia. Alafu nampa mtu mmoja asiyependa hesabu, manake anayependa atakusaidia hata kama fumbo ni bovu.

La mwisho ninalolifanyia kazi sasa ni hili: 2, 5, 7, 10, 13, 16, 18, 21, 24, 26, 29. Mapengo yote ni 2 na 3 peke yake, na hayajirudii kwa zamu. Ni kalenda ya Kiislamu ile ya kuhesabu, si ya kuandama, manake kufunga na kufungua tunafuata mwezi ukionekana, lakini wanaotengeneza majedwali wanahitaji hesabu. Miezi kumi na miwili ya 30 na 29 kwa kupishana inatoa siku 354, na mwaka wa mwezi unazidi hapo kwa kama sehemu 11 za siku katika 30, kwa hivyo katika kila miaka 30 miaka 11 inaongezwa siku moja, na hiyo ndio miaka yenyewe.

Mpwa wangu aliichukua akawa anajumlisha sehemu kumi na moja moja. Mwaka wa kwanza 11, haijafika nusu ya siku, acha. Wa pili 22, imepita nusu, ongeza siku. Wa tatu 33 na wa nne 44, bado, manake siku moja ya 30 tumeshaitoa na inayofuata inahitaji kupita 45. Wa tano 55, ongeza. Akaenda hivyo, 7, 10, 13, kila moja inatua mahali pake, mpaka akafika mwaka wa 15 akasimama. Sehemu 165. Siku tano na nusu kamili, si zaidi si pungufu. "Sasa hii mjomba tunaongeza ama tunaacha?"

Na majedwali yenyewe yameachana hapohapo. Mengi yanaacha 15 na kuongeza 16 kama niliyoandika juu, kuna mengine yanaongeza kwenye 15, na baina ya aina hizo mbili kila kitu kingine toka 2 mpaka 29 ni sawasawa. Kwa hivyo nikilitega nitaandika zote kumi na moja ila hiyo ya sita nitaiacha wazi, na atakayesema 15 nitamkubalia, na atakayesema 16 nitamkubalia, lakini nitawauliza wote wawili sababu.